Feri ya Luanda Kotieno Inapita Ubavuni mwa Volkano na Hakuna Anayekuambia

Wasee, kila nikiuliza mnataka niende wapi, majibu ni yale yale: Longonot, Menengai, Suswa. Wenye doo wanataja Ol Doinyo Lengai kule Tanzania. Kuna mmoja aliandika Nyiragongo, na nikamjibu kwamba mama yangu bado ananipenda.

Sawa, hizo zote ni volkano kweli. Lakini mimi ni mtu wa ziwa, na leo nataka tubishane kidogo. Sisi watu wa Nyanza tunaishi juu ya volkano. Tunalima juu yake, tunachunga ng'ombe juu yake, tunapita kando yake kwa feri na magunia ya omena. Halafu tunapanda basi masaa sita kwenda kulipa kiingilio tukaone volkano ya kina fulani.

Kwa hivyo nilitenga siku moja. Nililala Uyoma kwa dana yangu, asubuhi nikashuka ufuoni Luanda Kotieno, nikavuka hadi Mbita, nikazunguka Rusinga, nikapitia Homa Bay hadi Kendu Bay, na usiku nikarudi Kisumu kupitia Katito. Siku moja, feri moja, matatu tatu na boda kadhaa. Haya ndiyo niliyoyaona na ninayoyafikiria.

Jina lenyewe limeanza kukuambia

Tuanze na Luanda Kotieno. Kwa Dholuo, lwanda ni mwamba. Kotieno ni kwa Otieno, kwao Otieno. Hii ni lwanda ile ile ya Lwanda Magere, yule shujaa wa Kano ambaye mkuki ulikuwa ukigonga mwili wake kama unagonga jiwe, mpaka siri ya kivuli chake ikajulikana. Watu walioita ufuo huu mwamba walikuwa wameangalia chini.

Sasa simama kwenye feri na uangalie pande zote. Maji unayovuka ni mdomo wa Ghuba ya Winam. Ghuba hii haikuchimbwa na mto. Ni tawi la Bonde la Ufa, lile lile linalopita Naivasha na Nakuru, ila hili limekatia upande wa magharibi na kuja mpaka huku kwetu. Ardhi ilipasuka, kipande cha katikati kikashuka, maji yakaja baadaye. Na pale ardhi inapopasuka hivyo, vitu vya chini hupata njia ya kutoka.

Kutoka kwenye feri, mbele yako unaona vilima vya Gembe juu ya Mbita. Mkono wa kulia kuna Rusinga, na nyuma yake Mfangano. Kusini zaidi ni milima ya Gwassi. Ukigeuka mashariki, ng'ambo ya maji, unaona mlima mpana umekaa peke yake kama mtu aliyenyimwa kiti sherehe ikiendelea. Huo ni Homa.

Vilima hivyo vyote ni volkano au vipande vya volkano. Saa moja hivi ya safari, na sijaona bango hata moja ufuoni wala ndani ya feri linalosema hivyo. Kuna matangazo ya simu, kuna picha za wanasiasa, kuna onyo la kutotema mate. Volkano, zii.

Mlima uliokufa na kuacha watoto

Takribani miaka milioni 20 iliyopita, kusini mwa hapo Mbita palikuwa na mlima mkubwa wa moto. Wanajiolojia wanauita Kisingiri. Katikati yake palikuwa pale penye kilima cha Rangwa leo. Mlima wenyewe haupo tena. Mvua na upepo vimeula kwa mamilioni ya miaka. Gwassi, Gembe, Rusinga na Mfangano ni mabaki ya mbavu zake. Unapotembea Rusinga, unatembea juu ya jivu na mawe ambayo Kisingiri iliyatapika.

Watu wengi huja Rusinga kwa sababu ya Tom Mboya, na wana haki. Kaburi lake liko pale Kasawanga, na kila Mkenya kijana angepaswa kusimama pale mara moja maishani, akumbuke kwamba aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na miaka 38. Lakini wakitoka pale wanapanda gari na kwenda kupiga picha hotelini. Mawe yaliyo kando ya barabara wanayapita hivi hivi.

Mwaka wa 1948, kwenye mawe hayo hayo ya Rusinga, Mary Leakey alipata fuvu la kiumbe aliyekuwa nyani mkubwa asiye na mkia, mwenye umri wa karibu miaka milioni 18. Wakati huo walimwita Proconsul. Jina hilo lilikuwa tayari limetolewa na Mwingereza mmoja mwaka wa 1933, kwa mabaki yaliyotoka Koru, upande wa pili wa Kisumu. Na asili yake ni kichekesho: huko London kulikuwa na sokwe wa maonyesho aliyeitwa Consul, kwa hivyo huyu wa kale akaitwa aliyekuja kabla ya Consul. Yaani babu wa mbali wa ukoo wetu alipewa jina kutokana na mnyama wa sarakasi ya Ulaya. Fuvu lenyewe lilipelekwa Uingereza na likakaa huko zaidi ya miaka 30 kabla ya kurudishwa Kenya.

Mbona fuvu la miaka milioni 18 lilidumu, wakati mifupa ya mbuzi tuliyemla Krismasi haionekani tena kufikia Pasaka ya pili? Jibu ni volkano. Udongo wa msitu wenye mvua nyingi huwa na asidi, na asidi hula mfupa. Lakini jivu la Kisingiri lilikuwa la aina adimu, lenye chokaa nyingi. Lilipoanguka, lilifunika kila kitu na kuua ile asidi. Ndiyo maana Rusinga haikuhifadhi mifupa peke yake. Kuna matunda, mbegu, majani, wadudu, hata visiki vya miti ya msitu uliokuwa pale. Huo mlima uliua, kisha ukahifadhi kumbukumbu za waliokufa.

Sasa hapa kuna jina nataka mlishike: Heselon Mukiri. Huyu alikuwa Mkikuyu aliyefanya kazi na kina Leakey miaka mingi, mmoja wa wachimbaji wenye macho makali zaidi. Mwaka wa 1993 aina ya kiumbe yule wa Rusinga ikapewa jina lake, heseloni. Halafu mwaka wa 2015 wataalamu wakaamua kwamba yule wa Rusinga ni tofauti na wa Koru, akahitaji jina la kwanza jipya. Wakachagua Ekembo, neno la Kisuba.

Kwa hivyo leo anaitwa Ekembo heseloni. Jina la kwanza limetoka kwa Wasuba, wenyeji wa visiwa hivi. Jina la pili ni la mchimbaji Mwafrika. Mimi nilisimama pale Rusinga nikajaribu kuuliza vijana watatu wa rika langu kama wanajua neno ekembo. Mmoja alidhani ni jina la msanii. Na siwacheki, kwa sababu Kisuba chenyewe kinapungua. Wasuba wengi leo wanaongea Dholuo nyumbani. Mfangano walianzisha redio ya jamii ili lugha isipotee kabisa. Yaani lugha inayopigania uhai wake ndiyo iliyompa jina kiumbe wa miaka milioni 18. Kama hiyo si habari ya kutengenezea video, basi sijui tunatafuta nini.

Homa: amekufa au amelala?

Kutoka Mbita nilichukua matatu hadi Homa Bay, kisha nyingine kuelekea Kendu Bay. Mkono wa kushoto, Mlima Homa unakufuata njia nzima. Wenyeji wanauita God Marahuma, mlima maarufu. Kilele chake kiko mita 1,751 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko kwenye 1,134 hivi, kwa hivyo ni kama mita 600 za kupanda kutoka majini. Sikupanda siku hiyo. Siku moja haitoshi, na wanaosema inatosha wanauza tisheti.

Homa ni mdogo kwa umri kuliko Kisingiri, na ni wa aina ile ile adimu. Mwamba wake unaitwa kabonatiti. Volkano nyingi hutoa mawe ya silika, yale meusi magumu unayoyaona Longonot. Kabonatiti ni tofauti: ni mawe ya ukoo wa chokaa yaliyotoka chini yakiwa yameyeyuka. Duniani kote, volkano moja tu inayotoa lava ya kabonatiti hadi leo ni Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamaasai, kusini mwa Ziwa Natron. Lava yake haina ule wekundu wa sinema. Hutoka nyeusi au kahawia kwa joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida, halafu ikikutana na hewa yenye unyevu hugeuka nyeupe. Ile ya Lengai ina sodiamu nyingi, ya Homa ina kalisi, lakini ni watu wa boma moja. Kwa hivyo wewe unayeweka akiba ya Lengai, jua kwamba ndugu yake mkubwa yuko hapa Karachuonyo na anapandwa mahindi.

Je, Homa ni volkano hai? Tuongee ukweli. Hakuna lava, hakuna moshi, na usiende huko ukitarajia vile tulivyoona Goma. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliingia mjini Goma na kufunika mitaa na sehemu ya uwanja wa ndege. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ule ukapasuka tena usiku, na watu wakakimbia wakiwa wamebeba magodoro. Kule volkano ni jirani mwenye hasira. Watu wa Goma wanaongea Kiswahili kama sisi, na nikitazama video zao sisikii jambo la kigeni. Nasikia mama akiita watoto wake.

Homa hana hasira hiyo. Lakini maiti haina joto, na Homa ana joto. Kuna chemchemi za maji moto pale Abundu, chini ya mlima. Serikali imeiweka Homa Hills kwenye orodha ya maeneo ya kutafutia jotoardhi, orodha moja na Olkaria na Menengai. Moto wa zamani bado unapasha maji. Ukiniuliza mimi, huyo amelala.

Na amelala juu ya kumbukumbu nzito. Mwaka wa 1932, pale Kanam chini ya Homa, mchimbaji aitwaye Juma Gitau alipata jino la mnyama wa kale, na kwenye bonge la udongo wa hapo hapo kikatokea kipande cha taya la binadamu. Louis Leakey akaenda Uingereza kutangaza kwamba amepata babu wa watu wote. Mwaka wa 1935 profesa mmoja wa jiolojia, Percy Boswell, akaja kuhakikisha. Leakey akashindwa kumwonyesha mahali hasa taya lilipotoka. Alikuwa ameweka alama kwa vigingi vya chuma, na vigingi vilikuwa vimeng'olewa. Inasemekana wenyeji walivichukua wakavifanya vyuma vya kuvulia samaki. Boswell akaandika barua kwenye jarida la sayansi, na jina la Leakey likachafuka kwa miaka.

Vitabu husimulia kisa hiki kama mkosi wa Leakey. Mimi nakisoma kwa upande wa mvuvi. Mtu amekuja shambani kwako na helmeti, hakukueleza anachotafuta, amepigilia vyuma vizuri kabisa ardhini, ameondoka miaka mitatu. Wewe una njaa na una ziwa mbele yako. Kwani ungefanya nini? Kama wangemketisha mzee wa Kanam wakamweleza hivi vyuma vinalinda nini, pengine vingekuwa pale mpaka leo.

Linganisha na Nyayanga, kwenye rasi hiyo hiyo ya Homa. Hapo mwenyeji ndiye aliyewaelekeza watafiti mahali pa kuangalia. Mwezi wa Februari 2023 matokeo yakachapishwa: zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, miongoni mwa za zamani zaidi za aina yake duniani, pamoja na mifupa ya viboko waliochinjwa kwa zana hizo. Na pembeni yake meno ya kiumbe anayeitwa Paranthropus, ambaye si babu yetu wa moja kwa moja. Habari hiyo iliwatikisa wataalamu, kwa sababu huenda siyo ukoo wetu pekee uliojua kutumia zana.

Hebu jiulize. Miaka karibu milioni tatu iliyopita mtu, au kitu karibu na mtu, alikaa kando ya volkano hii akakata nyama ya kiboko kwa jiwe. Viboko bado wako kwenye ghuba. Sisi bado tunakaa kando tukila. Tofauti ni ugali.

Simbi, na kile dana alichoniambia

Sehemu ya mwisho ilikuwa Simbi Nyaima, kilomita chache kutoka Kendu Bay. Ni ziwa dogo la mviringo, kama kilomita mbili hivi kulizunguka kwa miguu, kijani kama supu ya mrenda. Kina chake ni karibu mita 23. Hakuna mto unaoingia na hakuna unaotoka. Maji ni ya magadi, na kijani ile ni mwani wa spirulina unaoliwa na flamingo. Nilikuta flamingo wengi wamejipanga ukingoni, na Ziwa Victoria liko pale pale nyuma, maji baridi matamu, wala hawana habari nalo.

Wanajiolojia wanasema Simbi ni kreta ya mlipuko. Moto wa chini ulipanda ukakutana na maji yaliyo ardhini, maji yakageuka mvuke kwa ghafla, na ardhi ikarushwa juu kama kifuniko cha presha kuka mbovu. Likabaki shimo, shimo likajaa maji.

Dana anaeleza vingine. Usiku kabla sijasafiri, nikamwambia naenda Simbi. Akaweka chini kikombe cha chai.

"Nyakwara, ukifika pale usicheke ovyo. Pale ni nyumba za watu."

Akanisimulia. Palikuwa na kijiji na palikuwa na sherehe ya pombe, watu wamelewa, ngoma zinalia. Akaja bikizee mmoja amechoka, amelowa, ana njaa. Akaomba kuota moto. Wakamfukuza. Akaomba tena, wakamcheka. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemchukua kwake akampa chakula na mahali pa kulala. Bikizee akamwambia, mwite mume wako, chukueni watoto, tokeni usiku huu. Mume alikuwa kwenye pombe, akakataa. Mwanamke akaenda na watoto. Mvua ikanyesha, ardhi ikafunguka, kufikia asubuhi hakukuwa na kijiji. Simbi Nyaima, kijiji kilichozama.

Kila boma la Karachuonyo lina namna yake ya kuisimulia, lakini mifupa ya hadithi ni hiyo.

Sasa, rafiki yangu mmoja anasoma jiolojia chuoni, na nilipomtumia sauti ya dana alinijibu, "Stori tamu, lakini hiyo si historia. Wajaluo walifika upande huu wa ziwa karne chache tu zilizopita. Hakuna aliyeona."

Hoja yake ina uzito, na sitaki kuiruka. Siwezi kumwambia kwamba hadithi ya Simbi ni ripoti ya shahidi. Labda waliofika hapa waliipokea kwa watu waliowatangulia. Labda waliliona shimo lenyewe wakajiuliza limetoka wapi.

Lakini tuseme ni hilo la pili. Angalia jibu lao lilivyo. Walisema hapa palikuwa nchi kavu kwanza. Walisema shimo lilitokea kwa ghafla, usiku mmoja, wala si polepole kama ziwa la kawaida. Walisema hakuna mto uliolileta. Walisema ardhi yenyewe ndiyo iliyofanya. Mambo hayo manne, mwanajiolojia wa leo anakubaliana nayo yote. Watu wasio na darubini wala maabara waliangalia ukingo wa shimo na kuusoma sawasawa, halafu wakauhifadhi kwa njia ambayo mtoto hawezi kusahau. Jaribu kumsomea mtoto wa miaka sita ripoti ya kreta. Halafu mwambie habari ya bikizee aliyenyimwa moto.

Na siyo Simbi peke yake. Kule Tsavo Magharibi kuna uwanja wa lava nyeusi ambao watu waliuita Shetani, na wenyeji husimulia watu waliofunikwa chini yake. Na Kamerun kuna nchi yenye maziwa ya kreta ambako wazee walikuwa na hadithi za maziwa yanayoua. Tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos lilitoa gesi ya kaboni usiku na kuua zaidi ya watu 1,700 waliokuwa wamelala. Simbi siyo Nyos, ni ndogo na siyo ya kina kile, kwa hivyo msianze kuogopesha watu wa Kendu Bay. Ninachosema ni kwamba mzee akikuambia ziwa fulani lina historia mbaya, keti usikilize kwanza, halafu lete vipimo.

Kuna kitu kingine ambacho rafiki yangu wa jiolojia hawezi kukipata kwenye mwamba. Hadithi ya dana ina sheria ndani yake: mgeni hafukuzwi usiku, hasa akiwa mzee, hasa akiwa mwanamke asiye na mtu. Hiyo nayo ni historia. Inakuambia watu wa ufuo huu waliogopa nini zaidi ya mlima. Waliogopa kuwa jamii inayomcheka mwenye njaa. Shimo la mita 23 lilitumiwa kufundishia adabu kwa vizazi, na likafaulu, kwa sababu dana yangu hadi leo hapiki chakula cha kutosha watu wa nyumbani tu. Lazima kibaki cha atakayebisha hodi.

Kwa hivyo tufanye nini

Shuleni nilichora mlima Vesuvius na kukariri mwaka wa 79, wakati Pompeii ilipofunikwa. Naushukuru mchoro ule, nilipata alama zote. Lakini kutoka darasa lile, ukipanda juu ya tangi la maji, ungemwona Homa kwa macho yako. Hakuna aliyetuonyesha kidole.

Hapo ndipo nina hasira kidogo. Kumbukumbu za mahali hapa ziko kwenye sanduku tatu. Sanduku la kwanza ni la wanasayansi: vitabu na majarida ambayo mtoto wa Uyoma hafikii. La pili ni ardhi yenyewe, ambayo tunavunja mawe yake kwa kokoto bila kuuliza. La tatu ni vichwa vya kina dana, na hilo ndilo linalofungwa kwa haraka zaidi, kila Jumamosi tunapoenda matanga. Sanduku mbili za kwanza zinaweza kungoja. Mwamba umengoja miaka milioni 18, utangoja tena. Dana yangu ana miaka 84.

Sisi vijana ndio tulio na simu, bando na muda. Tunajua kukata video na kuweka maandishi chini. Lakini kontenti yetu ya feri ya Luanda Kotieno ni machweo na miwani. Mimi pia napenda machweo. Ila ukiwa pale, igeuze kamera upande wa mashariki kwa sekunde kumi na useme: ule ni Homa, ni wa ukoo wa Lengai, chini yake kuna zana za karibu miaka milioni tatu. Kisha rudi kwa miwani yako.

Kama unaweza kwenda, hii safari haihitaji kampuni ya utalii. Ukitoka Kisumu asubuhi, shika barabara ya Bondo, shuka Ndori, shika ya kwenda Luanda Kotieno. Ulizia saa za feri siku moja mbele, maana ukiikosa utakaa ufuoni ukila samaki mpaka ijayo, ambayo siyo adhabu mbaya. Rusinga lipa mwenyeji akutembeze. Wanajua mawe yako wapi. Simbi fika jioni jua likiwa limepoa, usitupe chupa, na usiwarushie flamingo mawe ili waruke kwa ajili ya video. Nilimwona mtu akifanya hivyo. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe alimwangalia tu, hakusema kitu, na kile kimya kilikuwa kizito kuliko matusi.

Lakini kama huwezi kwenda mwezi huu kwa sababu doo haiko, anza na sanduku la tatu. Mpigie dana, nyanya, kuku, bibi, vyovyote mnavyomwita kwenu. Muulize kilima kilicho nyuma ya nyumba kinaitwaje na kwa nini. Mwache aongee kwa lugha yake, kama ni Kisuba hata afadhali, usimkatize umfanye atafsiri. Bonyeza kurekodi, weka simu mezani, na unywe chai.

Halafu niandikie kilima chenu kinaitwaje. Nasoma zote.